Maswali na Majibu ya Wasomaji: Mchezaji wa Chuo Mbele ya Kipaza Sauti Timu Inapofungwa

Tangu mechi za vyuo zianze kufuatiliwa na redio za hapa Mwanza, na vipande vya mahojiano kusambaa katika simu za wanafunzi kabla hata basi la timu halijaondoka uwanjani, barua zinazoifikia safu hii zimebadilika. Wachezaji wengi hawaulizi tena kuhusu mazoezi au namna ya kupata timu ya ligi. Wanauliza namna ya kuzungumza wakiwa wamefungwa. Toleo hili nimelitenga kwa ajili ya jambo hilo moja, na nimeanza na barua iliyonigusa zaidi.

SWALI: Shikamoo Mwandishi. Mimi ni nahodha wa timu ya mpira wa miguu ya chuo kimoja cha hapa Mwanza. Tumepoteza mechi tatu mfululizo, na katika ya mwisho tulifungwa mabao manne pale uwanja wa Nyamagana mbele ya wanafunzi wenzetu. Nikiwa natoka uwanjani, mwandishi wa redio alinisogezea kipaza sauti akaniuliza, “Nahodha, ni kweli kwamba wachezaji hamumtaki mwalimu?” Nilibabaika, kisha nikasema kuwa mpira una matokeo matatu na kwamba mwalimu ameyaona makosa, atayafanyia kazi. Jioni hiyo kipande hicho kilizunguka katika makundi ya WhatsApp ya hosteli na watu wakakicheka. Nilipaswa kujibu nini?
Nahodha, Mwanza

JIBU: Marahaba, nahodha. Uliulizwa maswali mawili yaliyofungwa pamoja, na kazi yako ya kwanza ilikuwa kuyatenganisha. Swali la kwanza ni kwa nini mnafungwa, na kila aliyekuja Nyamagana siku ile alikuwa na haki ya kuliuliza. La pili ni kama mna ugomvi na mwalimu, na hilo ni uvumi ambao mtu ameusikia mahali na anataka wewe uuthibitishe au uukane. Ukilijibu la pili kwa namna yoyote kati ya hizo mbili, habari imepatikana. Ukisema “hapana, hatumchukii mwalimu”, kichwa cha habari kitakuwa “Nahodha akana kumchukia mwalimu”, na msikilizaji ambaye hakuwa na habari kwamba kuna tatizo lolote ataanza kulitafuta. Kwa hiyo usilirudie neno la tuhuma kwa kinywa chako mwenyewe, hata kwa kulikanusha. Anayelitaja liwe lake.

Sasa tuzitazame sentensi ulizozitumia. Si za uongo. Mpira una matokeo matatu kweli, na bila shaka mwalimu aliyaona makosa, kwa sababu hata wauza karanga waliyaona. Udhaifu wake ni kwamba zimesemwa na wachezaji wengi mno wa nchi hii baada ya mechi nyingi mno, hata msikilizaji akizisikia huamua kwamba huna la kumwambia, au unalo na unamficha. Zipange zote uzione zilivyo: kwanza namshukuru Mungu, mechi ilikuwa nzuri, wenzetu wametumia nafasi walizopata na sisi hatukuzitumia za kwetu, ni makosa madogo madogo, tunajipanga kwa mechi ijayo, mashabiki wasikate tamaa na waje kwa wingi. Timu iliyofungwa kwa kona ya dakika ya mwisho inaweza kusema hivyo, na timu iliyofungwa manne bila kupiga shuti hata moja lililolenga goli inaweza kusema hivyo hivyo. Kumshukuru Mungu sikukatazi hata kidogo, ni adabu yetu na ina mahali pake. Ninachokuomba ni kwamba shukrani ikiisha, lifuate jambo moja ambalo lisingeweza kusemwa na mchezaji wa mechi nyingine yoyote.

Jambo hilo unalo, kwa sababu ulikuwa ndani ya uwanja na mwandishi alikuwa nje ya mstari. Ungeweza kusema: “Mabao mawili yalitokana na mipira tuliyopoteza katikati ya uwanja, na mmoja niliupoteza mimi. Tulikuwa tunapanda wote kwa pamoja bila mtu wa kubaki nyuma. Wiki hii tunafanyia kazi hilo.” Ni sentensi chache, zinasemwa kwa muda mfupi kuliko zile za mazoea, na zinamwachia msikilizaji kitu cha kwenda nacho. Tazama jinsi zilivyojengwa. Umetaja kosa la mpira, si tabia ya mtu. Umemtaja mtu mmoja tu mwenye kosa, na mtu huyo ni wewe. Kosa la mwenzako hukuligusa, ingawa nina hakika unalijua, kwa kuwa hilo si mali yako. Kama kipa alitoka golini mapema, yeye ndiye mwenye haki ya kulisema, tena akipenda.

Mwandishi akirudi kwenye suala la mwalimu, na atarudi, basi mwambie: “Mazungumzo yetu na mwalimu tunayafanya sisi wenyewe ndani ya timu. Mimi nimekuja kuzungumzia mechi.” Jibu hilo halikani wala halithibitishi. Ni la kweli mkiwa mnaelewana na mwalimu, na linabaki kuwa la kweli mkiwa hamuelewani, na hiyo ndiyo sababu nalipenda. Nahodha akikana ugomvi uliopo, wiki mbili baadaye mwalimu akaondoka, hakuna atakayemwamini tena msimu mzima.

Kuna jambo la kiufundi ambalo wachezaji wengi hawalijui. Katika taarifa ya michezo ya redio, sauti yako hupewa sekunde chache tu, na katika simu ni hizo hizo. Mhariri atakata. Ukisema, “Wachezaji hatujitumi inavyotakiwa, lakini ni kwa sababu tumetoka kwenye mitihani”, kinachosikika usiku ni maneno yaliyo kabla ya “lakini”. Hapo mhariri hajakuonea. Wewe ndiye uliyempa sentensi inayokatika vibaya. Anza na sababu, umalizie na lawama, au ziweke zote mbili katika kauli fupi isiyogawanyika: “Miguu imechoka baada ya mitihani na tumecheza chini ya kiwango.” Kauli hiyo haina mahali pa kukatia.

Unaruhusiwa pia kuvuta pumzi kabla ya kujibu. Ukimya huo mfupi hauendi hewani, ila kubabaika kunakwenda. Na siku moja kabla ya mechi ijayo, keti na msaidizi wako na mchezaji mwingine mmoja mjiulize kwa sauti maswali matatu mnayoyaogopa kuliko yote, kisha myajibu kana kwamba kipaza sauti kipo. Utashangaa jinsi jibu lililoonekana zuri kichwani linavyokwama mdomoni, na ni heri likwame hosteli.

Kuhusu waliokucheka, usiwachukie. Mashabiki wa jiji hili si wageni wa kupoteza. Waliifuata Mbao FC hadi Dodoma mwaka 2017 katika fainali ya Kombe la Shirikisho wakaiona ikifungwa na Simba 2-1 katika muda wa nyongeza, na waliisubiri Pamba kwa zaidi ya miaka 20 hadi iliporudi Ligi Kuu kwa msimu wa 2024/25. Watu waliovumilia hayo hawahitaji kubembelezwa. Wanataka mtu awaambie walichokiona kwa macho yao, ili wajue kwamba na yeye alikiona.

SWALI: Habari za kazi, Mwandishi. Mimi ni beki wa timu ya chuo kilichopo Kanda ya Ziwa, jina la chuo naomba libaki kwangu. Tulisafiri usiku kucha kwa basi kwenda mashindanoni, tukafika asubuhi na jioni tukaingia uwanjani. Posho tulikuwa hatujalipwa. Kiongozi wa msafara alituonya kwamba atakayezungumza lolote kuhusu safari ataondolewa kikosini. Tulifungwa, na nilipoulizwa maandalizi yalikuwaje nikasema yalikuwa mazuri sana. Tangu siku hiyo dhamiri inanisuta.
Beki wa kati

JIBU: Kaka, dhamiri yako inafanya kazi yake vizuri. Hukulazimika kuyasema yote, lakini pia hukulazimika kusema lile, na kati ya hayo mawili kuna nafasi pana ambayo mchezaji anaweza kusimama bila kuondolewa kikosini na bila kuwadanganya watu. Ungeweza kusema: “Safari ilikuwa ndefu na miguu ilikuwa mizito, ila wapinzani wetu walicheza vizuri kuliko sisi. Mambo ya maandalizi aulizwe kiongozi wa msafara, yeye ndiye mwenye majibu.” Hapo umesema ukweli unaokuhusu, umewapa wapinzani heshima yao, na swali umelipeleka kwa mwenye nalo. Mwandishi mzuri atamfuata kiongozi wa msafara hatua tatu kutoka uliposimama.

Naomba kuwe na tahadhari moja. Kama na wapinzani wenu walisafiri usiku huo huo kutoka mbali, usiitaje safari kabisa, kwa maana mtangazaji atakuuliza mbona wenzenu hawakuchoka, na hapo jibu lote litaporomoka.

Suala la posho halikupaswa kufika kwenye kipaza sauti chako, ila lina mahali pa kufika. Liandikwe barua, tarehe za safari na saa za kufika zikiwemo, wachezaji wote watie saini, nakala moja ipelekwe kwa waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi na nyingine ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Barua yenye saini za kikosi kizima haimtoi mtu mmoja kafara. Likipuuzwa kwa muda mrefu, ndipo timu nzima, tena baada ya kukubaliana, inaweza kuamua kulizungumza hadharani kwa sauti ya nahodha. Mchezaji mmoja akilitoa peke yake kwa hasira dakika tano baada ya kufungwa, litasikika kama kisingizio hata kama kila neno lake ni kweli.

Na huyo kiongozi aliyewatisha amekosea. Nalisema wazi kwa sababu najua safu hii husomwa na viongozi wa aina yake. Mwanafunzi anayevaa jezi ya chuo bila mshahara, akacheza bila kulala, hastahili kutishwa ili asimulie maandalizi ambayo hayakuwepo.

SWALI: Mimi hufuatilia kwa intaneti ule mpira wa Kimarekani wa vyuo, wa kubeba mpira mikononi na kuvaa kofia ngumu. Nashangaa kuona vijana wa miaka 19 au 20 wakikaa mezani mbele ya waandishi wengi na kuulizwa kwa ukali kwa nini timu inafanya vibaya. Je, wao wanafundishwa nini ambacho sisi hatufundishwi? Na tuwaige?
Msomaji, Igoma

JIBU: Ukali wa maswali yale una sababu zake. Timu ya chuo kule hucheza kwa kawaida mechi 12 tu kabla ya michezo ya mwisho wa msimu, tofauti na mechi 30 ambazo timu ya Ligi Kuu yetu huzicheza, kwa hiyo kipigo kimoja huzungumzwa wiki nzima hadi mechi nyingine ifike. Watazamaji nao ni wengi kupita kiasi tulichozoea: uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan peke yake una viti zaidi ya 107,000. Mahali pa namna hiyo mchezaji hawezi kujificha nyuma ya kauli kwamba yeye ni mwanafunzi tu. Kauli hiyo imedhoofika zaidi tangu Julai 2021, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vingi vya Marekani, iliporuhusu wachezaji kulipwa na kampuni kwa kutumia majina na sura zao.

Kwa hiyo vyuo vikubwa vina ofisa wa habari za michezo ambaye kazi yake ni kupanga nani atazungumza, lini, na kwa muda gani. Makocha wengi hawawaruhusu wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuzungumza na waandishi kabisa. Wanaoruhusiwa huandaliwa. Matokeo ya maandalizi hayo, nikuambie ukweli, mara nyingi ni majibu makavu kama yetu: tunachukua mechi moja kwa wakati mmoja, tunaangalia kanda za mchezo, tunamwamini kocha. Usidhani kwamba wote ni wasemaji hodari.

Lakini yapo majibu yaliyobaki. Tarehe 27 Septemba 2008, Chuo Kikuu cha Florida kilifungwa nyumbani na Chuo Kikuu cha Mississippi kwa pointi 31 kwa 30. Tim Tebow, aliyekuwa akiongoza mashambulizi ya Florida na aliyekuwa ameshinda tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa mpira huo wa vyuo, mwaka uliotangulia, alizuiwa dakika za mwisho akijaribu kusogeza mpira umbali mdogo sana. Kabla ya hapo, pigo la pointi moja ambalo lingesawazisha lilikuwa limezuiwa. Angeweza kulitaja pigo hilo, na hesabu ingemuunga mkono, kwa kuwa timu ilipungukiwa pointi moja tu. Hakulitaja. Aliomba radhi kwa mashabiki, akasema kwamba hawatamwona mchezaji yeyote nchini akijituma kama yeye atakavyojituma katika msimu uliobaki, wala timu ikijituma kama ya kwao, kisha akaondoka. Florida haikufungwa tena msimu ule, na Januari 2009 iliifunga Oklahoma 24 kwa 14 ikawa bingwa wa taifa. Maneno yale yameandikwa kwenye bamba nje ya uwanja wao.

Ninachokiona ndani ya kisa hicho si ubingwa, kwa sababu Tebow angeweza kusema maneno yale yale na timu ikafungwa wiki iliyofuata. Tazama alichoahidi. Hakuahidi ushindi, ambao haukuwa mikononi mwake. Aliahidi kujituma, ambako hakuna mpinzani anayeweza kumnyang’anya. Wachezaji wetu hufanya kinyume. Wanasema “mechi ijayo tunashinda, mashabiki wasiwe na shaka”, na wakifungwa tena, kauli hiyo inachezwa redioni kabla ya swali la kwanza.

Mfano wa pili ni wa kocha, na huo naupenda nusu tu. Septemba 2007, Mike Gundy wa Chuo Kikuu cha Oklahoma State aliingia kwenye mkutano na waandishi akiwa na gazeti lililokuwa limemwandika vibaya mchezaji wake mmoja, akafoka kwa dakika kadhaa, akisema kwamba yeye ni mwanamume wa miaka 40 na kwamba wakitaka kumshambulia mtu wamshambulie yeye, wasimguse kijana ambaye ni mwanafunzi. Moyo wa kocha kusimama mbele ya kijana wake ni moyo ambao ningependa kuuona kwa walimu wetu. Ila ule ukelele uliifanya habari iliyosomwa na wachache ijulikane nchi nzima, na jina la yule kijana limeendelea kutajwa pamoja na kisa hicho miaka yote iliyofuata. Angesema hayo hayo kwa sauti ya kawaida, angemkinga zaidi.

Usichanganye vijana hao na wachezaji wa kulipwa. Marshawn Lynch, aliyekuwa Seattle Seahawks, timu ya kulipwa ya mpira huo huo, alitozwa dola 100,000 mwaka 2014 kwa kukataa kuzungumza na waandishi, na Januari 2015, kabla ya fainali, alijibu karibu kila swali kwa kurudia kwamba yuko pale ili asitozwe faini. Wengi walimshangilia. Yeye alikuwa mtu mzima mwenye mkataba na mshahara mkubwa. Mchezaji wa chuo chetu akiiga hilo atakuwa amejifungia mlango, kwa sababu wanaomsikiliza leo ndio watakaompa kazi kesho, uwanjani au ofisini.

Kwa hiyo cha kuiga ni ule utaratibu wa kupanga nani azungumze na lini, na ile hali ya kubeba kosa lako bila kumbebesha mwenzako. Kuwafungia wanafunzi wa mwaka wa kwanza midomo sioni sababu ya kukuiga. Hapa kwetu ndipo wanapopaswa kujifunza, watazamaji wakiwa bado wachache.

SWALI: Mwandishi, mimi ni mama, naandika kutoka Nansio, Ukerewe. Mwanangu ni kipa wa timu ya chuo. Aliuachia mpira ukapita katikati ya miguu, timu ikatolewa mashindanoni, na mtangazaji mmoja amekuwa akimwita “mlango wazi” hadi leo. Mtoto alipokuja likizo hakutaka kutoka nje, na anasema hatarudi uwanjani. Nataka kupiga simu kwenye kipindi nimjibu huyo mtangazaji. Nifanye nini?
Mama wa kipa

JIBU: Mama yangu, pole sana. Nakuomba usipige simu hewani, angalau si kabla hujamuuliza mwanao mwenyewe. Kijana wa umri wake akisikia sauti ya mama yake redioni ikimtetea, anaweza kuumia mara ya pili, na mtangazaji wa aina hiyo atapata wiki nzima ya mazungumzo. Ukipata ridhaa yake, chuo kiandike barua kwa mhariri wa kituo, kikieleza kwamba kosa la mchezoni linaweza kujadiliwa na kukosolewa, ila kumpachika mwanafunzi jina la dhihaka siku baada ya siku si uchambuzi. Kituo chenye uhariri makini kitaisikia barua hiyo.

Kuhusu mtoto mwenyewe, msimharakishe kurudi kwenye kipaza sauti. Naomi Osaka, aliyekuwa tayari na mataji manne makubwa ya tenisi, alijiondoa katika mashindano ya Ufaransa mwaka 2021 baada ya kutozwa dola 15,000 kwa kutohudhuria mkutano na waandishi, akaeleza kwamba amekuwa akipitia vipindi vya sonona tangu 2018. Ikiwa maswali yanaweza kumlemea mtu mzima wa daraja lile, mwanao si dhaifu. Kama halali vizuri, hali chakula, au anasema maneno ya kukata tamaa na maisha, hilo si la michezo tena: mpelekeni hospitali mkaonane na mhudumu wa afya ya akili, na mshauri wa wanafunzi ajulishwe mapema.

Siku atakayokuwa tayari, awe na sentensi moja ya kuaminika kuhusu lile bao, kwa sababu ataulizwa. Kwa mfano: “Lile bao ni langu. Niliinua macho kumtafuta wa kumpasia kabla sijaudaka mpira.” Mtu akishaisema sentensi ya namna hiyo mwenyewe, mara nyingi mtangazaji hubaki hana la kuongeza.

SWALI: Nasoma uandishi wa habari hapa Malimbe na wikiendi naripoti mechi za wanafunzi wenzangu. Nikiuliza maswali laini naambiwa mimi ni chawa wa timu, nikiuliza magumu wananinunia bwenini. Nisimame wapi?
Mwanafunzi wa uandishi

JIBU: Simama kwenye mechi yenyewe, ndugu yangu. “Kwa nini mnacheza vibaya?” si swali gumu, ni lawama yenye alama ya kuuliza, na hujibiwa kwa zile sentensi za mazoea nilizomwandikia nahodha hapo juu. Swali gumu ni hili: “Baada ya kiungo mkabaji kutolewa kipindi cha pili, mabao yote mawili yalipitia katikati. Nani alipewa kazi yake?” Mchezaji hawezi kulikwepa kwa kumshukuru Mungu, na wakati huo huo hawezi kusema umemtukana, kwa sababu umeuliza alichokifanya na hukugusa utu wake. Kuliuliza kunakutaka uwe umeitazama mechi yote na kuandika dakika na namba za jezi kwenye daftari, na nadhani hiyo ndiyo sababu halisikiki mara nyingi.

Ukimkuta mchezaji analia, zima kinasa sauti. Atakuwepo kesho. Na ukikata sauti yake, sikiliza kama maana imebaki ile aliyoikusudia. Wewe na yeye mtakutana kwenye foleni ya chakula.

SWALI: Nafundisha timu ya chuo huku Musoma. Baada ya kufungwa, waandishi huwasubiri vijana wangu mlangoni. Je, nina haki ya kuwazuia kwa muda, na ya kuchagua nani azungumze?
Mwalimu wa timu

JIBU: Unayo, mwalimu, alimradi waandishi wajue utaratibu kabla ya mechi kuanza. Katika mashindano ya NCAA, timu hupewa dakika 10 za kutulia kabla ya mahojiano, na muda huo unatosha kwa maji, sala na kubadilisha jezi. Nakushauri utoke wewe kwanza, kwa sababu maswali ya kikosi na mabadiliko ni yako, na ukishayajibu hayatamfikia kijana. Afuate nahodha na mchezaji mwingine mmoja, ambaye umemuuliza mwenyewe kama yuko tayari badala ya kumteua tu. Aliyehusika na kosa lililoamua mechi asilazimishwe kuzungumza siku hiyo, ila akitaka kutoka usimzuie. Asipotoka, mwandishi aambiwe mapema nani atakuja badala yake, kabla hajasimama mlangoni kumsubiri.